Re: Kulipa bila keshi maana yake nini hasa?

Mkuu umeuliza kama kulipa bila keshi ni lazima uwe na kadi ya benki, hapana aisee, ni malipo yoyote ambayo noti na sarafu hazipiti mkononi, iwe kadi, simu, kuskani QR (ile alama ya mraba yenye vidoti vyeusi na vyeupe unayoipiga na kamera ya simu) au kuhamisha toka akaunti kwenda akaunti. Kinachotembea hapo ni taarifa tu, salio lako linapungua la mwenzako linaongezeka. Zile kadi za kugusisha zinatumia mawimbi ya redio yanayofika sentimita chache tu ndo maana lazima usogeze karibu kabisa na mashine. QR nayo (hii wengi hawajui) ilibuniwa Japani 1994 kufuatilia vipuri vya magari, mambo ya malipo yamekuja baadae sana.

Mi nakubali kulipa bila keshi kwa sababu rekodi inabaki, mtu akikudai mara ya pili unamuonyesha. Ila hela usiyoishika inaisha haraka bila kushtuka, na mtandao ukikata umekwama, kwa hiyo keshi kidogo usiache kubeba. Na namba ya siri usimpe mtu yeyote hata akijiita huduma kwa wateja, tafadhali sana, hela ikishatoka kuirudisha ni kazi kweli.