Alama ya Kuuliza Kwenye Karatasi ya Daktari

SWALI: Kwa miezi kadhaa sipati usingizi, sina hamu ya jambo lolote, na machozi hunitoka bila sababu, ndipo nikaenda kliniki ya afya ya akili. Nilijaza dodoso la maswali 9 nikapata alama 14, nikapimwa damu kwa ajili ya tezi ya thairoidi nikaambiwa sina tatizo, kisha daktari akaniandikia lamotrijini. Nyumbani nilisoma karatasi niliyopewa nikakuta “F31?” na chini yake “mgonjwa anakanusha kusikia sauti”. Maelezo yaliyomo ndani ya boksi la dawa yanasema ni dawa ya kifafa, nami sijawahi kuugua kifafa, hivyo tangu wiki iliyopita nimeacha kuimeza. Je, nina ugonjwa gani hasa, na kwa nini daktari ananiona mwongo?

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na dawa kwa sababu hiyo haiwezi kungoja. Ni kweli kwamba lamotrijini ni dawa ya kifafa, lakini hutumika pia kuzuia vipindi vya huzuni kwa watu wenye baipola, yaani ugonjwa wa hisia mseto, kwa hiyo kuandikiwa dawa hiyo hakumaanishi kwamba daktari amekuona una kifafa. Tafadhali usiirudie kwa dozi ile ile uliyoiachia. Dozi yake hupandishwa polepole, na mtu anayeikatiza kwa siku kadhaa kisha akarejea moja kwa moja kwenye dozi ya juu huongeza hatari ya kupata upele mkali wa ngozi unaoweza kuhatarisha maisha. Wasiliana na daktari wako leo, umweleze ni lini uliacha, naye atakuambia kama utaanza upya na kwa kiasi gani. Ikiwa katika kipindi hiki utapata mawazo ya kujidhuru, usisubiri siku ya miadi bali nenda hospitali mara moja.

Sasa tuje kwenye karatasi. Katika toleo la 10 la orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ambalo bado linatumika katika hospitali nyingi ingawa toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022, F31 ni baipola, na F32 ni kipindi cha sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa. Daktari hakuandika F31 peke yake. Aliweka alama ya kuuliza, na alama hiyo ina uzito kuliko namba yenyewe, kwani inamaanisha kwamba uwezekano huo anaufikiria na bado anauchunguza. Ana sababu nzuri ya kutoharakisha. Mtu mwenye sonona na mtu mwenye baipola aliye katika kipindi cha huzuni huweza kueleza dalili zile zile, lakini wa pili akipewa dawa za sonona peke yake anaweza kupanda hadi upande wa pili wa ugonjwa, yaani maniya, hali ya msisimko uliopita kiasi.

Dodoso haliwezi kutenganisha hali hizo mbili. Linauliza kuhusu wiki 2 zilizopita tu, alama zake huanzia 0 hadi 27, na 14 huonyesha kwamba dalili za sonona ni za wastani. Kipimo cha tezi nacho kilifanywa kwa sababu thairoidi ikidhoofika huleta uchovu na huzuni inayofanana na sonona. Majibu mazuri yameondoa sababu hiyo, wala hayasemi kwamba unasingizia.

Tofauti hupatikana katika historia yako, na hapa ndipo wagonjwa wengi hujibu swali ambalo hawakuulizwa. Daktari akiuliza kama umewahi kupata maniya, wengi hufikiria mtu anayevua nguo barabarani, nao hujibu haraka kwamba hapana. Anachotafuta huenda kikawa kidogo zaidi: siku 4 au zaidi mfululizo ambazo ulilala kwa muda wa saa 3 tu ukaamka huna uchovu, ukazungumza kwa kasi, ukaanzisha mambo mengi kwa pamoja au ukatumia fedha ovyo, hadi watu wa karibu wakaona umebadilika. Kwa kuwa siku kama hizo mwenyewe huziona kuwa njema, ni vyema uende na ndugu au rafiki anayekufahamu kwa miaka mingi, kwa sababu yeye huenda akazikumbuka kuliko wewe.

Ama kuhusu “anakanusha”, hayo ni mazoea ya uandishi wa kitabibu: uliulizwa kama unasikia sauti, ukasema husikii, likaandikwa hivyo. Kwa maoni yangu ni mazoea mabaya, kwa maana humfanya mgonjwa aonekane mshtakiwa, na kuandika “anasema hasikii” kungetosha kabisa.

Katika miadi ijayo, muulize daktari ana uhakika kiasi gani kuhusu F31, ni taarifa gani ingemfanya aifute au aithibitishe, na kwa nini alichagua lamotrijini kabla ya uamuzi huo kukamilika. Mwombe pia akusomee alichoandika kuhusu historia yako, na ukikuta swali ulilolijibu bila kulielewa, mpe jibu jipya ili aliongeze kwenye faili siku hiyo hiyo.