Albamu ya pili ikipondwa: yaliyonikuta na Pinkerton ya Weezer

Mkuu, umeuliza kama uachane na bendi unayoipenda kwa kuwa albamu yao ya pili imepondwa na wakosoaji, na mashabiki wenzako wanagombana. Mimi niliwahi kuachana na moja namna hiyo, na hadi leo najuta.

Nilikuwa nasoma Boston. Albamu ya kwanza ya Weezer, bendi ya rock ya Marekani, ya 1994, ile yenye jalada la buluu, ilikuwa inalia karibu kila chumba bwenini. Prodyuza alikuwa Ric Ocasek wa bendi ya The Cars: magitaa mazito lakini safi, viitikio vinavyokuganda siku nzima. Septemba 1996 ikatoka albamu yao ya pili, Pinkerton, nikainunua wiki ileile. Wimbo wa kwanza tu, kinanda cha umeme kinakoroma, magitaa yanapiga mluzi, ngoma kama mtu anavunja mlango, na Rivers Cuomo, mwimbaji na mtunzi wao, anapiga kelele kwamba amechoka na mapenzi ya usiku mmoja. Nilijiona nimeibiwa. Haikupita miezi miwili nikaiuza kwenye duka la CD za mitumba.

Wengi tulikuwa hivyo. Wasomaji wa jarida la muziki la Rolling Stone waliipigia kura kuwa miongoni mwa albamu mbovu kabisa za mwaka ule. Wakosoaji wapo walioisifu, ila wengine walisema mashairi ni ya kitoto na sauti ni chafu. Sauti ni chafu kweli, na ni kwa makusudi. Safari hii bendi haikutafuta prodyuza, walitaka isikike kama wako jukwaani. Na mashairi? Cuomo alikuwa ameingia Harvard mwaka 1995, mguu wake mmoja umefanyiwa upasuaji wa kuurefusha, anatembelea fimbo, mpweke. Nyimbo nyingi zilizaliwa humo. Mimi nilikuwa namsubiri mcheshi wa ile albamu ya buluu.

Mwaka 2002, nikiwa naishi peke yangu, rafiki aliniazima nakala yake. Nilianzia wimbo wa mwisho: gitaa kavu moja na sauti, basi. Kijana anamnasa kipepeo kwenye chupa ya mama yake, asubuhi anamkuta amekufa. Hapo ndipo nikaelewa jina la albamu. Pinkerton ni yule mwanamaji wa Kimarekani katika opera (mchezo wa kuigiza kwa kuimba) ya Puccini, Madama Butterfly, yaani Bibi Kipepeo, anayemwoa binti wa Kijapani kisha akamtelekeza. Cuomo alikuwa anajishtaki mwenyewe. Nilirudia wimbo ule mpaka usiku wa manane, na kesho yake nikaenda kununua CD yangu tena.

Baadaye Rolling Stone waliipa nyota 5, na mwaka 2010 tovuti ya muziki ya Pitchfork wakaipa 10 kwa 10. Lakini mwaka 2001 Cuomo alishamrudia Ocasek na kutoa albamu safi, fupi, isiyogusa kidonda chochote. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu na mimi nilikuwa kati ya waliomkataa alipoufungua moyo wake.

Kwa hiyo hiyo ya kwako ipe mwezi mzima. Sikiliza ukiwa peke yako, mashairi mkononi, anzia mwisho kama nilivyofanya mimi. Na ni bendi gani, mkuu? Hukuitaja.