Gazeti la shule ya msingi: anzeni na karatasi moja

Gazeti la wanafunzi hufia mezani kwa mwalimu mmoja. Watoto wameandika kwa hamu, lakini makala yote yako kwenye kurasa za daftari, na ni yeye tu wa kuyaingiza kwenye kompyuta. Kurasa 8 za A4 humeza maneno 3,000 hivi. Ana vipindi, ana madaftari ya kusahihisha, na muhula unakaribia kufungwa.

Kwa hivyo tumieni karatasi moja ya A3 iliyokunjwa katikati. Inatoa kurasa 4, haihitaji pini, na rimu moja inatosha nakala 500. Makala 10 ya maneno 120 yanaijaza, michoro ikiwemo. Upande mmoja unabeba ukurasa wa 4 kushoto na wa 1 kulia. Upande wa pili, wa 2 na wa 3. Kunja karatasi tupu, iandike nambari hizo, umpelekee mchapaji wako wa River Road, Nairobi, pamoja na kazi, kisha udai nakala moja ya kukagua kabla mashine haijaendelea. Mpangilio ukipinduka, rimu nzima imeharibika.

Picha za simu zikipigwa fotokopi hugeuka masizi. Michoro ya kalamu nyeusi hutoka safi. Ya penseli hufifia. Kama lazima picha ya mtoto itumike, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi, basi tumeni fomu mwanzoni mwa muhula.

Kishawishi kikubwa ni mwalimu kuandika upya. Tafadhali, msifanye hivyo: mtoto asiyeitambua sentensi yake haandiki tena. Sahihisha tahajia, kisha uliza maswali. Mtoto akiandika "maji yalipotea shuleni", muulize: siku ngapi? Mpishi alipikia nini? Nani alikuambia? Majibu hayo ndiyo habari.

Habari ya namna hiyo ndiyo pia humtia mwalimu mkuu wasiwasi. Mpelekeeni orodha ya mada wiki ya kwanza, kabla neno lolote halijaandikwa. Makala yakiondolewa siku ya kuchapisha, ukurasa hubaki na shimo na mwandishi hukata tamaa. Hata hivyo, wekeni akiba ya makala mawili yasiyochacha, kama mahojiano na mlinzi wa lango.

Wahariri watoke Gredi ya 5, wa Gredi ya 4 wakijifunza kando yao. Gredi ya 6 huwapotea muhula wa tatu kwa sababu ya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6.