Je, kumtii Mungu ni kungoja sauti kwa kila jambo?

Ndugu yangu, umeuliza kama kuwa chini ya mamlaka ya Mungu ni kungoja sauti yake kabla ya kila uamuzi, hata wa kazini. Hapana, usijitese hivyo. Soma Yakobo 4 yote, si mstari wa 7 peke yake. Agizo la "mtiini Mungu" limewekwa katikati ya habari za ugomvi, wivu na kusemana vibaya. Umeshaandika ujumbe mkali kwa ndugu yako, kidole kiko kwenye kitufe cha kutuma, dhamiri inakuchoma, unaufuta wote: huo ndio utii, na hukuhitaji sauti. Hapo ndipo pagumu, maana kufunga na kusali wengi tunaweza, kuanza kuomba radhi hatutaki.

Kuhusu mipango, wale wafanyabiashara wa mstari wa 13 wa sura hiyohiyo hawakemewi kwa kupanga safari, bali kwa kujisifu kana kwamba kesho ni mali yao. Panga, omba, tafuta ushauri, kisha useme "Bwana akipenda" ukiwa tayari kweli akugeuzie njia. Ila bosi akikuagiza ughushi hesabu, usingoje ishara. Omba ujasiri wa kukataa kwa heshima, kwa sababu Matendo 5:29 imeshakujibu: imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu.