Likizo ndefu mjini: chagua sehemu chache, kisha rudini hapo hapo

Likizo ya kiangazi niliyoipanga kwa makini kuliko zote ndiyo iliyotuchosha kuliko zote. Nilichora jedwali kubwa nikalibandika kwenye friji: Jumatatu makumbusho, Jumanne bustani ya wanyama, Jumatano bwawa la kuogelea, Alhamisi maktaba, Ijumaa bustani ya mimea. Kila siku mahali papya, kwa sababu niliamini kwamba mzazi mwema ni yule anayewaonyesha watoto wake mengi. Wiki ya pili haikufika mwisho. Tukiwa tunakimbilia kituo cha basi, kitindamimba wangu, wakati huo ana miaka minne, alichuchumaa kando ya njia akagoma kuinuka. Nilidhani amechoka. Kumbe ameona sisimizi.

Walikuwa kama ishirini hivi, wamebeba bawa kavu la panzi na wanataka kulivusha kwenye ufa wa pavementi. Bawa lenyewe lilikuwa refu kuliko ufa, lakini kila walipofika ukingoni, upepo mdogo uliliinua likasimama kama tanga la mashua, nao wakarudishwa nyuma. Wakaanza upya. Tena na tena. Basi letu likapita, na lililofuata likapita. Hatimaye walipovuka, mwanangu alipiga makofi, akajipangusa magoti, akaniambia, "Mama, kesho tuje tena."

Tukaja tena. Sisimizi huacha harufu wanapopita na wenzao huifuata, kwa hiyo siku ya pili bado walikuwa kwenye njia ile ile, na mtoto aliitambua kabla yangu. Aliniongoza yeye. Nikaona usoni mwake kitu ambacho sikuwa nimekiona kwenye makumbusho wala bustani ya wanyama: fahari ya mtu aliye mahali pake. Jioni ile nilibandua jedwali.

Tangu hapo ushauri wangu kwa kila mzazi anayeniuliza afanye nini na watoto mjini likizo nzima ni huu: chagua sehemu nne au tano, kisha mrudi hapo mara nyingi. Safari ya kwanza mtoto anashangaa tu, na ya pili anatafuta alichokiona jana. Kuanzia ya tatu au ya nne ndipo anapoanza kuuliza maswali ya kweli, kubuni michezo, na kuwaonyesha wenzake. Ukimhamisha kila siku, unamwacha kwenye kushangaa tu, na kushangaa peke yake kunachosha, kwake na kwako.

Sehemu zenyewe mzichague vipi? Kwangu mimi, sehemu nzuri ni ile mnayoweza kuifikia bila kugombana njiani, yenye kivuli, choo na maji ya kunywa, na yenye kitu kinachobadilika. Hilo la mwisho wengi wetu hatulifikirii. Mto hupanda na kushuka. Stesheni ya treni haifanani asubuhi na jioni. Mti unaochanua leo, baada ya wiki tatu una matunda mabichi. Hata jengo linalojengwa ni sehemu ya kwenda, na kwa mwanangu wa kati ndilo lililoshinda yote.

Alikuwa na miaka saba. Tulikuwa tunasimama ng'ambo ya barabara, mbali na uzio, tukitazama kreni. Swali lake la kwanza lilinishinda: kama jengo linapanda, kreni nayo inapandaje, na hakuna kreni kubwa zaidi ya kuiinua? Tulikwenda maktaba siku hiyo hiyo tukatafuta. Jibu ni kwamba kreni ya mnara hujirefusha yenyewe: kuna fremu inayouzunguka mnara, ambayo kwa nguvu za majimaji huinua sehemu ya juu ya kreni, nafasi inabaki katikati, kisha kipande kipya cha mnara kinaingizwa pale na kufungwa kwa bolti. Aliporudi pale alikuwa mtu mwingine. Hakuwa akitazama tena chuma kirefu, alikuwa akisubiri. Alianzisha daftari la kuhesabu ghorofa na kuandika tarehe. Sikumwambia aandike.

Kuhusu viwanja vya kuchezea, kuna historia ambayo imenisaidia sana kuacha kutafuta viwanja vya kifahari. Mwaka 1885 huko Boston, Marekani, akina mama waliofuata wazo lililotoka Berlin walimwaga lundo la mchanga kwenye ua wa kanisa ili watoto wa mtaani wapate pa kuchezea, na hapo ndipo wengi huanzia wanaposimulia habari za viwanja vya watoto nchini humo. Mbunifu wa bustani wa Denmark, C. Th. Sørensen, aligundua kwamba watoto waliacha viwanja alivyowabunia wakaenda kucheza kwenye mabaki ya ujenzi. Mwaka 1943 akafungua Emdrup, Copenhagen, kiwanja kilichojaa mbao na vitu chakavu, watoto wakajijengea wenyewe. Na huko Amsterdam, kuanzia 1947, Aldo van Eyck alibuni viwanja zaidi ya 700, vingi kwenye vipande vya ardhi vilivyokuwa vitupu, akitumia shimo la mchanga, vyuma vya kuning'inia na nguzo fupi za zege za kurukia. Hakuweka tembo wa plastiki wala jumba la kifalme. Tembo wa plastiki hawi kitu kingine zaidi ya tembo, lakini nguzo fupi ya zege asubuhi ni kisiwa, jioni ni meza ya duka.

Kwa hiyo ninapowapeleka watoto bustanini nabeba maboksi matatu yaliyokunjwa, kamba, shuka kuukuu na chaki. Mipira hatubebi kila mara. Boksi moja likikunjuliwa, watoto wa watu wengine wanasogea wenyewe, na kabla ya nusu saa kuna nyumba, kuna mwenye nyumba na kuna mgogoro wa kodi. Mzazi akae pembeni. Wakikuita uje kukagua, nenda, na usiwarekebishie ukuta uliopinda.

Makumbusho na bustani za wanyama nazo si adui. Kosa letu ni kutaka kuzimaliza. Sisi tunaingia chumba kimoja tu, kila mtoto anachagua kitu kimoja na kukichora, kisha tunatoka kabla hawajachoka. Mtoto aliyetoka akiwa bado anataka atakukumbusha kurudi. Kama mahali wanauza tiketi ya mwaka, fanya hesabu kabla ya kulipa ya siku moja, maana ukiwa na ya mwaka hujisikii kulazimika kukaa saa tano ili pesa yako irudi. Uliza pia siku za kuingia bure. Maktaba mimi naihesabu kuwa nyumba ya pili: ina baridi, ina viti, haidai chochote, na nyingi huandaa usomaji wa hadithi wakati wa likizo.

Sasa joto, na hapa naomba msome polepole.

Mji una joto kuliko mashamba yanayouzunguka, kwa sababu lami na zege hunyonya jua mchana kutwa na kulirudisha usiku. Miti hufanya kinyume: majani yake hutoa mvuke wa maji unaopoza hewa, ndiyo maana kivuli cha mti ni kitamu kuliko kivuli cha ukuta. Tunatoka asubuhi mapema, tunarudi kabla ya saa nne au saa tano, na kutoka tena jua likishaanza kulala. Watoto nimewafundisha kipimo kimoja wanachokipenda: simama, tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, tafuta kivuli cha mti, vaa kofia. Taarifa za hali ya hewa nyingi siku hizi hutaja pia kipimo cha mionzi ya jua (UV), na kuanzia 3 kwenda juu ngozi inahitaji kukingwa, hata kama kuna mawingu mepesi. Mtelezo wa chuma au plastiki uguse kwa mgongo wa mkono wako kabla mtoto hajapanda, kwa sababu kile ambacho wewe unakiona cha moto kidogo kinaweza kumbabua mtoto wa miaka miwili. Na gari lililosimama juani hupanda joto zaidi ya nyuzi 10 ndani ya dakika 10. Usimwache mtoto humo hata unapokwenda kuchukua kitu kimoja tu, hata kama umefungua dirisha kidogo.

Maji nayo. Wengi tunadhani mtu anayezama hupiga kelele. Mara nyingi hapigi, kwa sababu pumzi yote inatafuta hewa na mikono inajaribu kuyasukuma maji chini. Anazama kimya, na kwa mtoto mdogo sentimita chache za maji zinatosha. Kwa wale wasiojua kuogelea kaa umbali wa kuwafikia kwa mkono. Boya la kujazwa upepo ni la kuchezea, halimlindi. Tunapokuwa watu wazima wengi tunapeana zamu: anayelinda hashiki simu, hapigi soga, na akitaka kuondoka anamwita mwenzake kwa jina mpaka aitike. Watu wazima sita wakikaa kando ya bwawa bila zamu, kila mmoja anadhani mwingine anatazama.

Mwaka mmoja nilipotelewa na mtoto bustanini. Ilikuwa kama dakika kumi. Mlinzi aliniuliza, "Amevaa rangi gani?" nami sikukumbuka. Nilisimama pale mdomo wazi, mama mzima, siijui rangi ya shati nililomvisha mwenyewe asubuhi. Alipatikana akiwa amekaa karibu na lango na mama mwingine mwenye watoto. Tangu siku hiyo, kabla ya kutoka nyumbani nawapiga picha wote watatu mlangoni. Namba yangu ya simu wameikariri kwa kuiimba, na wanajua kwamba wakipotea wasinitafute: wasimame hapo hapo, au wamwendee mfanyakazi wa mahali hapo au mama mwenye watoto. Mimi ndiye nitakayerudi walipo.

Kwa siku ambazo hamna pa kwenda, pandeni basi au treni mpaka mwisho wa njia, mshuke, mzunguke kidogo, mrudi. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Binti yangu mkubwa, akiwa na miaka kumi na mmoja, nilimpa kazi ya kutuongoza: yeye ndiye aliyesoma ramani, akachagua wapi tubadilishe, na alipokosea tulikwenda naye kwenye kosa hadi alipoligundua. Watoto wa umri huo hawataki tena kushikwa mkono, lakini ukimkabidhi jambo la maana anakuwa nawe kwa moyo wote.

Mchezo mwingine hauhitaji nauli. Chukueni fimbo ya urefu wa mita moja, isimamisheni karibu na mti mliouzoea. Subirini mpaka kivuli cha fimbo kiwe mita moja kamili, kisha kimbieni kupima kivuli cha mti: urefu wa kivuli hicho ndio urefu wa mti. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Thales alipima piramidi za Misri kwa njia hiyo. Watoto wangu walipima mnara wa maji, nguzo za taa, na baba yao.

Usiku, taa za mji huficha nyota nyingi, lakini mwezi haufichiki. Humaliza mzunguko wake kwa siku 29 na nusu hivi, na kila siku huchelewa kuchomoza kwa kama dakika 50, kwa hiyo likizo ya miezi miwili inatosha kuuona ukikua na kufifia mara mbili. Tuliuchora kila siku tulipouona, wote kutoka dirisha lile lile.

Najua wengi mnaosoma hapa mko kazini mchana. Mimi nami, likizo mbili kati ya hizo, nilikuwa na siku saba tu za mapumziko. Tulichofanya ni kugawana na majirani wawili: kila mtu siku yake moja ya kuwa na watoto wote, na kila nyumba ilikuwa na "mahali pake" pa kuwapeleka. Jioni niliyorudi nimechoka, matembezi ya nusu saa hadi kwenye kreni na kurudi yalitosha. Usijione umeshindwa kwa sababu hamkusafiri. Na mtoto akikuambia ameboreka, usiruke kumpa simu. Mwache. Wangu hulalamika robo saa, kisha nasikia kimya, kisha nasikia viti vinaburutwa.

Wiki ya mwisho tunarudisha muda wa kulala, kidogo kidogo, robo saa mapema kila usiku. Mchana tunazunguka sehemu zetu zote kuaga. Ule mwaka wa kreni tulifika jioni, mafundi wameshaondoka. Mwanangu alifungua daftari, akahesabu kwa kidole kutoka chini kwenda juu, akasita, akahesabu tena, kisha akaandika: ghorofa kumi na nne.