Sheria na Wewe: "Hatujakukamata, Tunaongea Tu"

SWALI: Mimi ni mhudumu wa bodaboda mjini Kisumu. Majuzi nilisimamishwa karibu na soko la Kibuye na maafisa wawili wa polisi waliovaa sare. Niliwapa leseni na kitambulisho, mmoja akavitia mfukoni, na mwenzake akachomoa ufunguo wa pikipiki. Niliambiwa niketi kwenye benchi nje ya kibanda cha M-Pesa, nikakaa hapo karibu saa nzima nikiulizwa nimetoka wapi na nimembeba nani. Nilipouliza kosa langu ni lipi, afisa alinijibu: "Hatujakukamata, tunaongea tu." Mwishowe walinirudishia vitu vyangu, nikaenda zangu. Je, nilikuwa nimekamatwa au la?
— Msomaji, Kisumu

JIBU: Kwa jinsi ulivyoeleza, ulikuwa umezuiliwa, na kauli ya afisa kwamba mlikuwa mkiongea tu haibadilishi jambo hilo.

Tuanze na lile ambalo maafisa walikuwa na haki ya kulifanya. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva, na mwendeshaji pikipiki vilevile, asimame anaposimamishwa na afisa aliyevaa sare na aonyeshe leseni yake. Kwa hiyo dakika zile za kwanza, za kusimama na kukaguliwa stakabadhi, sioni kosa ndani yake. Mambo yaligeuka pale ambapo stakabadhi zilikuwa zimekwisha kuonekana, lakini zikabaki mfukoni mwa afisa pamoja na ufunguo wako. Mtu ambaye kitambulisho chake, leseni yake na ufunguo wa chombo chake cha kazi viko mikononi mwa polisi, na ambaye ameamriwa aketi, hawezi kusemwa kwamba yuko huru kuondoka.

Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75, kinasema kwamba anayemkamata mtu sharti auguse mwili wake au auzuie, isipokuwa mtu huyo awe amejisalimisha mwenyewe kwa maneno au kwa vitendo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayokuhusu. Hukupigwa pingu wala hukushikwa mkono, lakini uliambiwa keti nawe ukaketi, na kutii amri ya namna hiyo ni kujisalimisha kwa vitendo. Hata kama mahakama ingesita kuliita jambo hilo kukamatwa kamili, Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 bado kinamlinda kila mtu asinyimwe uhuru wake kiholela au bila sababu ya haki, na kifungu hicho hakingoji pingu.

Mahakama ya Juu ya Marekani imelitafakari suala hili kwa miaka mingi, na ingawa maamuzi yake hayazifungi mahakama zetu, hoja zake zinasaidia. Katika kesi ya Mendenhall ya 1980 kipimo kilichopendekezwa kilikuwa hiki: je, mtu mwenye akili timamu, akizingatia hali yote iliyomzunguka, angeamini kwamba anaweza kuondoka? Mwaka 1983, katika kesi ya Royer, wapelelezi kwenye uwanja wa ndege walibaki na tiketi na leseni ya msafiri, wakamwingiza katika chumba kidogo wamhoji. Mahakama iliona kwamba alikuwa amezuiliwa. Utaona mwenyewe jinsi mfuko wa yule afisa unavyofanana na jambo hilo.

Uhuru wako ukishazuiliwa, afisa anadaiwa sababu. Anaweza kumkamata mtu bila hati ya mahakama iwapo ana misingi ya kutosha ya kumshuku kwamba ametenda kosa linaloruhusu ukamataji wa namna hiyo, na anaweza kukisimamisha na kukipekua chombo anachokishuku kubeba mali ya wizi. Lakini shaka hiyo lazima ikuhusu wewe au pikipiki yako. Kwamba pikipiki huibwa mjini ni kweli, ila ukweli huo hautoshi kumketisha kila anayepita.

Aliyekamatwa, kwa mujibu wa Kifungu cha 49 cha Katiba, aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Zile saa 24 zinazotajwa sana, na ambazo wengine (wakiwemo, nasikitika kusema, baadhi ya maafisa) huzichukulia kama ruhusa ya kumweka mtu ndani bure, ni kikomo cha kumfikisha mahakamani mtu aliyekamatwa kwa sababu halali.

Siku nyingine, uliza kwa upole: "Afande, naweza kwenda?" Ukikataliwa, uliza kwa nini, wala usimpokonye ufunguo. Soma jina au nambari ya utumishi kwenye sare, ambayo Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inataka ionekane wazi, kisha uandike saa na mahali. Kwa maelezo hayo unaweza kulalamika kwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza mienendo ya polisi, au kwenda Mahakama Kuu kudai fidia chini ya Kifungu cha 23 cha Katiba.

SWALI: Matatu yetu ilisimamishwa kwenye kizuizi nje ya mji wa Nakuru, na afisa akaniambia nifungue simu asome jumbe zangu. Je, ni lazima?
— Msomaji, Nakuru

JIBU: Si lazima. Kusimamisha gari ni jambo moja na kusoma mawasiliano ya abiria ni jambo jingine, na Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mali yako na ya mawasiliano yako. Mwambie kwa heshima kwamba hukubali bila kibali cha mahakama. Ukiifungua kwa hiari yako, itakuwa vigumu baadaye kudai kwamba ulipekuliwa kwa nguvu.