Irisi hazichanui Marangu: msilaumu baridi

SWALI: Hamjambo wataalamu wa bustani. Nilichimba irisi za Louisiana kwa mdogo wangu Moshi mjini nikazipanda kwenye kihamba changu (shamba la nyumbani) Marangu, kando ya mfongo (mfereji wa maji). Huu ni mwaka wa pili. Majani yamerefuka mpaka yanalala, lakini ua hata moja sijaliona. Kwa mdogo wangu zinachanua. Majirani wanasema haya ni maua ya joto, baridi ya huku hayaiwezi. Niyang'oe?
*Mama wa Marangu*

JIBU: Usiyang'oe, mama. Irisi hizi asili yake ni vinamasi vya kusini mwa Marekani, na hata huko jalidi huwa inaanguka. Mmoja wa wazazi wake, *Iris brevicaulis*, huota porini mpaka Ohio, kwenye theluji. Baridi ya Marangu haifiki huko. Kila ukipanda mlima mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, kwa hiyo kati yako na mdogo wako tofauti ni nyuzi tatu au nne tu. Hiyo inaweza kulichelewesha ua, si kulizuia.

Majani marefu yanayolala yanatuambia jambo jingine: kivuli. Irisi ya Louisiana inataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku. Kihambani kuna migomba, na juu ya migomba kuna migrevilea, halafu Juni mpaka Agosti wingu linatanda mlimani. Mjini mmea unaweza kuvumilia kivuli cha nusu siku. Kwako hata hilo jua kidogo linaliwa na wingu. Tafuta mahali peupe, mbele ya nyumba au pembeni mwa njia, pasipo na mti upande wa mashariki wala magharibi.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Tunguu la irisi (linafanana na la tangawizi) huchanua mara moja tu maishani. Likishatoa ua halitoi tena. Kazi hiyo huachiwa machipukizi yanayotoka ubavuni. Ukipewa matunguu makuukuu yenye kovu la bua la ua, utasubiri mpaka watoto wake wakomae, na kivulini hawakomai.

Hamisha masika yanapoanza, mwishoni mwa Machi au Aprili, ili mizizi ishike kabla ya miezi ya baridi. Chimbua kwa jembe uma, osha, kisha kata kwa kisu safi ubaki na vipande vya sentimita 10 hadi 15, kila kimoja kikiwa na chipukizi lenye afya na mizizi yake. Yaliyokwisha kuchanua na yasiyo na chipukizi yatupe. Punguza majani yabaki sentimita 20. Kwenye kitalu changanya mboji au samadi iliyooza vizuri, tabaka la sentimita 10, mpaka kina cha jembe. Laza tunguu lifunikwe na udongo sentimita 2 au 3 tu, umbali wa sentimita 45 kati ya moja na jingine, ncha inayokua ikielekea nje ya kundi, maana huko ndiko litakakotambaa.

Tandaza majani makavu ya migomba, unene wa sentimita 5. Matandazo haya ni ya lazima: tunguu lililo wazi huungua na jua, kisha huoza kuanzia pale lilipoungua. Unyevu wa mfongo hauna tatizo, hata maji yakisimama siku kadhaa. Mbolea tumia NPK 17:17:17, gramu 40 kwa mita moja ya mraba, wiki tatu baada ya kupanda, na tena mwanzoni mwa Agosti. Urea iache kabisa, maana majani unayo tayari. Mwaka wa kwanza baada ya kuhamisha, maua yakiwa machache, usishtuke.

SWALI: Irisi zangu za Louisiana zina jua la kutosha na namwagilia kila siku maji ya kisima kirefu, lakini majani machanga yanatoka ya njano. Naongeza samadi na jivu la jikoni, hali inazidi kuwa mbaya.
*Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Anza kwa kuacha jivu. Angalia jani: kama mishipa ni ya kijani na katikati yake ni njano, na ni majani machanga, mmea umekosa madini ya chuma. (Naitrojeni ikipungua, yanayoanza kuwa njano ni majani ya zamani.) Chuma kipo udongoni, ila udongo wenye alikali hukifunga. Maji mengi ya visima vya Arusha yana bikaboneti na floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na jivu linaongeza alikali juu ya alikali. Irisi hizi zinapenda pH (kipimo cha asidi na alikali) kati ya 5.5 na 6.5.

Kinga maji ya mvua kwenye simtank, na umwagilie hayo kadiri yatakavyodumu. Changanya salfa ya unga, ile inayopulizwa kwenye mikorosho, gramu 50 kwa mita ya mraba, ndani ya sentimita 15 za juu. Subiri miezi mitatu, pima pH, ndipo urudie. Ukizidisha kwa haraka utaunguza mizizi. Mbolea ya kukuzia iwe SA (salfeti ya amonia), si CAN yenye chokaa. Dukani ukiuliza chuma cha kilatisi (kilichofungwa ili udongo usikishike), soma lebo uone aina yake: EDDHA hufanya kazi hata pH ikipita 7, EDTA hapo huwa haifui dafu.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nipo Minneapolis, Marekani. Naweza kubeba irisi za Louisiana za mama nizipande huku?
*Msomaji wa mbali*

JIBU: Marahaba. Kubeba kuna masharti: cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), Ngaramtoni, pengine na idhini ya upande wa Marekani, na matunguu yasiwe na chembe ya udongo. Ni nafuu ununue huko huko, tena uchague machotara ya *brevicaulis* na *fulva*. Yenye damu ya *giganticaerulea*, mmea wa pwani, ni dhaifu kwa baridi kali.

Panda Mei. Ukichelewa, mwisho ni Agosti, mizizi ishike kabla ardhi haijaganda. Kinachoyaua zaidi ni udongo kuganda na kuyeyuka mara kwa mara, hali inayolisukuma tunguu juu na kukata mizizi. Kwa hiyo funika kwa majani makavu sentimita 15 *baada* ya ardhi kuganda, si kabla, na uyaondoe kidogo kidogo Aprili. Maua yatarajie Juni. Ya kwenye chungu yaingize gereji isiyopashwa moto, joto likae kati ya nyuzi 1 na 7, udongo uwe na unyevu kidogo tu.